Mwambieni bibi ukweli kabla ya kusaini

"Shangazi, tumepanga Tabata miaka minane. Sasa tunataka kununua apatimenti ya vyumba vitatu Upanga, jengo jipya lenye lifti, jenereta, bwawa la kuogelea na uwanja wa watoto. Mtaa umetulia, una familia nyingi. Getini kuna mlinzi, hapandi mtu mpaka apige simu juu kwanza. Hilo limetufurahisha, maana ndugu wametuchosha. Shemeji yangu alikuja kwa wiki mbili akakaa mwaka. Mama mkwe aliyeko Muheza na ndugu wengine tumewaambia ni nyumba ya kampuni ya mume wangu. Watoto, wa miaka tisa na sita, tumeshawaelekeza waseme hivyo bibi akiuliza. Tuchukue ghorofa ya nne au ya kumi na moja?" Mama Wawili, Tabata.

Mwanangu, chukueni ya nne. Siku lifti ikigoma mtapanda kwa miguu na mtoto mgongoni. Kabla ya kutoa shilingi, wakili awathibitishie kwamba mtapata hati ya sehemu yenu chini ya sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo ya mwaka 2008, na muulize ada ya huduma ya kila mwezi ni kiasi gani. Upanga kwenyewe ni pazuri kulea: Muhimbili iko jirani, na Olympio na Diamond ni shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza.

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa miaka sita. Mmemkalisha, mkamfundisha namna ya kumdanganya bibi yake, na wewe umeliandika kama unavyoandika kwamba jengo lina jenereta. Umewaza bibi atalipokeaje? Mama mtu mzima akisikia mwanawe anakaa nyumba ya kampuni, ataanza kuhofia siku kampuni itakapoitaka nyumba yake. Ataomba dua usiku kucha wajukuu wasitupwe nje, na hao wajukuu watamsikia akiomba, na watanyamaza kwa sababu ninyi mmewaambia wanyamaze.

Uchovu wenu naujua. Mshahara ukiingia unagawanywa Muheza, chuoni na hospitali kabla haujanunua unga wa kwenu. Lakini niambie: huyo shemeji aliyekaa mwaka, ni nani alimwambia muda wake umekwisha? Barua yako haisemi, na mimi naamini hakuna aliyemwambia. Mlimnunia, mkanong'onezana chumbani, mkampunguzia mazungumzo mezani, mkitegemea ajiongeze. Sasa mnataka kununua nyumba nzima ili mlinzi, kijana wa watu asiyewajua, awasemee neno ambalo mumeo ameshindwa kumwambia mdogo wake.

Mtu mzima hukataa kwa mdomo wake. Hili nitalisema mpaka nizeeke. Ndugu haharibiki kwa kuambiwa, "Karibu, nafasi tunayo ya wiki mbili, ada ya chuo mwaka huu hatuna." Atakasirika, pengine atawasema msibani mbele za watu. Baadaye atajua mpaka wenu uko wapi, na akija tena atakuja akiujua. Asiyeambiwa kitu ndiye anayekaa mwaka, halafu anaondoka akiamini mnamchukia bila sababu. Kumkatalia ndugu waziwazi ni kumheshimu. Unamhesabu kuwa mtu anayeweza kuelewa.

Na kuna jambo zito zaidi. Mungu apishe mbali, lakini mumeo akitangulia, mirathi itafunguliwa, na hapo ndipo ukoo utasikia kwamba kuna nyumba Upanga. Utasimama mjane mbele ya watu uliowadanganya miaka yote, ukiwaomba wakuamini kwamba nusu ya bei ilitoka mfukoni mwako. Hati iandikwe majina yenu wote wawili, na mama mkwe aijue tangu leo. Shahidi wako wa kwanza siku hiyo anaweza kuwa yeye.

Jumamosi hii pandeni basi la Muheza, watoto wakiwemo. Mumeo ndiye aseme, kwa sababu ni mama yake: nyumba ni yetu, tuliogopa kukwambia, tusamehe. Kisha wewe uwaambie watoto, hapo hapo bibi akiwasikiliza, kwamba mliwatuma kusema uongo, kwamba mmekosea, na kwamba kuanzia sasa wakiulizwa nyumba ni ya nani wajibu ni ya baba na mama.