Tutengeneze Garimoshi la Maonyesho

Je, unajua kwamba Nachingwea ilikuwa na reli? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga. Reli ilijengwa ili karanga zipelekwe pwani. Lakini karanga hazikustawi kama walivyotazamia. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Reli ikakosa mizigo ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, kisha ikang'olewa.

Vijana wa Nachingwea na Ruangwa hawakuiona. Wazee walioiona wanapungua. Basi darasa lenu litengeneze mfano wake, muuonyeshe siku ya Nane Nane.

1. Waulizeni wazee garimoshi lilikuwaje. Andikeni majibu yao.

2. Reli ile ilikuwa na upana wa mita 1. Katika mfano, kila mita 1 iwe sentimita 5.

3. Pangeni vijiti. Hivyo ndivyo mataruma. Juu yake fungeni fito mbili za mwanzi zilizonyooka. Nafasi kati yake iwe sentimita 5 kila mahali. Ikizidi au ikipungua, garimoshi litaanguka.

4. Tengenezeni mabehewa kwa makopo. Kunjeni ncha kali zisiwakate watoto.

5. Kateni magurudumu kwa kandambili kuukuu. Kila gurudumu liwe na duara mbili: ndogo ikanyage reli, kubwa ikae upande wa ndani, ilizuie gurudumu lisitoke.

6. Tieni karanga chache katika behewa moja. Mgeni akiuliza kwa nini ni chache, mwelezeni: reli huishi kwa mizigo.

Zoezi: Behewa la kweli lina urefu wa mita 10. Behewa la mfano litakuwa na sentimita ngapi?