Nyumba za Bei Nafuu Kisumu: Elewa Mpango wa Kaunti Kabla Hujatuma Malipo ya Kwanza

Leo tunaongea juu ya nyumba. Wateja wetu wa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Dunga, hutuuliza: "Hizi nyumba za bei nafuu, nalipa wapi na nitajuaje si ukora?" Swali ni zuri, lakini linaanzia katikati. Kabla ya kufika kwa simu yako, nyumba hupitia kwa sheria, kwa ramani na kwa bajeti ya kaunti. Ukijua njia hiyo, si rahisi mtu akudanganye.

Kwanza: nani anapanga?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaipa kaunti kazi ya mipango na maendeleo, pamoja na nyumba. Serikali ya kitaifa inatunga sera ya nyumba. Halafu kuna Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kwa sheria hiyo, kaunti huandaa ramani ya matumizi ya ardhi inayoonyesha wapi ni makazi, wapi ni biashara na wapi ni barabara. Pia, mtu hajengi ghorofa bila idhini ya kaunti.

Kwa hivyo mradi mkubwa ukija mjini, kuna ofisi mbili za kuuliza: ya kitaifa na ya kaunti. Usikubali kuzungushwa.

Pili: kwa nini ghorofa zinajengwa pale na si pale?

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na mji wa wakoloni ukajengwa kuzunguka bandari na stesheni. Nyalenda, Manyatta na Obunga zilikuwa nje ya mpaka wa mji. Mpaka ulipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijiji hivyo vikaingia ndani, lakini ardhi ikabaki ya familia zilizokuwa zikiishi hapo.

Matokeo yake tunayaona hadi leo. Ardhi ambayo kaunti inaweza kujengea ghorofa kwa urahisi ni ile iliyo mikononi mwake, yaani mitaa ya zamani ya nyumba za baraza la mji. Ndiyo maana majina unayosikia kwenye miradi mipya ni kama Makasembo na Lumumba. Kule Manyatta au Nyalenda, ploti ina mwenyewe. Huko sera ya makazi hufika kwa njia nyingine: barabara, mitaro, taa, mabomba ya maji na masharti ya ujenzi.

Hii inabadilisha swali lako. Kama unaishi kwenye nyumba ya kaunti inayotakiwa kubomolewa, uliza: nitahamia wapi, kwa muda gani, nani analipa kodi yangu huko, na nikirudi nitapewa nyumba kwa bei gani? Taka jibu la maandishi. Ahadi ya mdomo ni kama kulipa bila kupata ujumbe wa kuthibitisha. Siku ya mambo kuharibika, huna cha kuonyesha.

Kama umepanga Nyalenda, uliza juu ya mtaro na barabara. Vikija, mvua haitakulalia mlangoni, lakini pia mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi. Jipange mapema.

Tatu: pesa inatoka wapi?

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024. Inataka mfanyakazi akatwe asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato, na mwajiri aongeze kiasi hicho hicho. Ukilipwa shilingi 30,000, unakatwa 450 na mwajiri anaweka 450. Angalia karatasi yako ya mshahara uone kama inaonekana. Lakini elewa hivi: makato hayo ni ushuru. Siyo akiba yako, na hayakupi nyumba moja kwa moja.

Sheria hiyo inagawa nyumba kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi analengwa na nyumba za kijamii. Wa kati ya 20,000 na 149,000 analengwa na nyumba za bei nafuu. Anayezidi hapo ana kundi lake la tabaka la kati. Mtu akikuambia "lipa tu, tutakuingiza kundi la chini", huyo anakuuzia uongo.

Nne: piga hesabu kabla ya kutuma

Ili kupata nyumba, sheria hiyo ya 2024 ilizungumzia malipo ya kwanza ya asilimia 10 ya bei. Hebu tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya mradi wowote. Mama anauza omena na anabaki na faida ya shilingi 18,000 kwa mwezi. Nyumba anayotaka inauzwa milioni moja, kwa hivyo malipo ya kwanza ni 100,000.

Akiweka 150 kila siku, ni 4,500 kwa mwezi. Atafikisha laki moja mwezi wa 23. Inaonekana karibu, lakini hiyo ni robo ya mapato yake, na kodi ya sasa bado anaidaiwa. Akiweka 75 kwa siku, itamchukua hadi mwezi wa 45, karibu miaka minne. Hatumvunji moyo. Tunataka achague akijua. Na kabla ya kuanza, aulize malipo ya kila mwezi yatakuwa kiasi gani, kwa miaka mingapi, na kama kuna ada ya lifti, usafi na ulinzi juu yake.

Ushauri wetu: weka pesa kidogo kidogo kwenye akiba uliyoifunga wewe mwenyewe, halafu tuma mara moja kwa mwezi. Ukituma kila siku, ada za kutuma zitakula akiba yako polepole.

Tano: ukilipa, lipa hivi

- Jisajili mwenyewe kwenye Boma Yangu, kwa tovuti yake au kwa kupiga *832#. Usimpe mtu kitambulisho chako akusajilie pembeni.
- Malipo ya huduma za serikali hupitia Paybill 222222 ya eCitizen. Nambari ya akaunti inatoka kwenye mfumo wenyewe. Haitoki kwa mtu.
- Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.
- Usitume "pesa ya chai" ya kuruka foleni. Hata akipokea, huna risiti ya kudai nyumba.
- Hifadhi ujumbe wa malipo, na uandike nambari yake kwenye daftari. Simu huibiwa.
- Ukikosea, omba pesa zirudishwe mara moja, kabla mpokeaji hajazitoa.

Sita: sema mapema

Watu wengi huenda kulalamika tingatinga likishafika. Wakati huo bajeti ilishapita. Weka tarehe tatu kwenye simu yako. Kufikia 1 Septemba, kaunti inatakiwa kupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari, waraka wa mwelekeo wa bajeti. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Sheria inataka wananchi wasikizwe, na unaweza pia kupeleka ombi la maandishi bungeni kupitia kwa mwakilishi wa wadi yako.

Ukienda mkutanoni, nenda na maswali mawili mafupi: nyumba ngapi ni za wanaopata chini ya 20,000, na wapangaji wa sasa wameandikiwa nini? Mwombe katibu aandike swali lako na jibu lake.

Nyumba ni deni la miaka mingi. Kwa hivyo kabla hujabonyeza "tuma", hakikisha umejua ardhi ni ya nani, mradi umeidhinishwa na nani, na pesa yako inaingia wapi. Kama jibu moja halipo, pesa ibaki kwenye simu yako.