Umeme Utorokao Gatini

Sisi wa Kawajense tushukapo Karema, bandari ya Ziwa Tanganyika, na tukumbuke kwamba waya uliochubuka huweza kutorosha umeme majini. Umeme wa betri ukitoka katika bamba la chombo kuingia majini, hula chuma kupita kutu ya kawaida. Umeme wa majumbani ni hatari zaidi: maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, basi mwili wa mtu huupitisha kwa wepesi kuliko maji hayo, aogeleaye hulegea viungo akazama. Fundi hupima kwa mita, akizima njia za umeme moja moja. Mita ishukapo, ubovu u katika njia ile. Enyi walimu, wakatazeni watoto kuogelea karibu na gati lenye umeme. Mtu akizama, zimeni umeme kwanza, mtupieni kamba, msimrukie.