Katizo la 8 ni Lipi? Nambari za Makatizo katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Makala haya yananuia kufafanua ni kwa nini kiini cha mfumo endeshi huzipanga upya nambari za makatizo, na jinsi istilahi yetu moja inavyolipotosha jambo hilo.

Katizo ni ishara inayoifanya prosesa isitishe kazi yake, ihudumie jambo la dharura, kisha irejee pale ilipoachia. Ukibonyeza kitufe cha kibodi, umeikatiza. Prosesa za ukoo wa Intel 8086 zina jedwali lenye nafasi 256, kuanzia 0 hadi 255. Kila nafasi huelekeza kwenye utaratibu wa kulishughulikia katizo lake. Intel ilizitenga nafasi 0 hadi 31 kwa mahitaji ya prosesa yenyewe.

Hata hivyo, IBM ilipotoa tarakilishi yake ya kibinafsi mwaka 1981, iliziingiza nyaya 8 za vifaa katika nafasi 8 hadi 15, ndani ya eneo hilo hilo lililotengwa. Prosesa ya 8088 haikuwa ikizitumia nafasi hizo, kwa hiyo madhara hayakuonekana. Mwaka 1982 ikaja 80286, ambayo nafasi yake ya 8 ni ya kosa maradufu, yaani kosa linalozuka prosesa ingali inahangaika na kosa jingine. Nafasi hiyo tayari ilikuwa ya saa ya mfumo, iliyokatiza takriban mara 18 kwa sekunde. Mgeni na mwenye nyumba wakapewa kitanda kimoja!

Ndiposa kiini kinachotumia ulinzi wa kumbukumbu wa prosesa hizi hakiwezi kuuacha mpangilio huo wa awali. Mapema kinapoanza kazi, huiamuru chipu ya 8259A ihesabu kuanzia kwingine, mathalani 32. Nambari hiyo sharti igawike kwa 8, maadamu chipu yenyewe ndiyo hujaza biti tatu za mwisho kulingana na waya ulioita.

Sasa, mwanafunzi akisoma "katizo la 8", aelewe nini? Kosa maradufu? Saa ya mfumo katika mpangilio wa kale? Au waya wa 8, ambao tangu IBM PC/AT ya 1984 ni wa saa inayotunza tarehe? Napendekeza tutenganishe nambari ya waya na nambari ya jedwali. Hivyo, baada ya kupangwa upya, saa ya mfumo ni waya 0, jedwali 32. Kibodi ni waya 1, jedwali 33. Nayo saa ya tarehe ni waya 8, jedwali 40.