Ukila, Inuka: Mazoezi ya Kimya kwa Wanaoishi Ghorofani

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha kila anayeishi juu ya kichwa cha mwenzake: Kariakoo, Upanga, Keko, Magomeni Kota, Michenzani, popote penye ngazi na jirani wa chini. Ukimaliza, msomee asiyejua kusoma.

KWA NINI KIMEANDIKWA

Mimi ni afisa afya, na nimechoka kuandika maneno yaleyale kwenye kadi zilezile. Presha imepanda. Sukari imepanda. Kiuno hakikunjiki. Nikiuliza habari za mazoezi, naambiwa: "Afisa, mimi nakaa ghorofa ya tatu. Nikiruka mara mbili tu, jirani anagonga dari kwa mpini wa ufagio."

Mama mmoja alinunua kamba ya kuruka. Akawa anaamka saa 11 alfajiri, anaruka sebuleni. Siku ya nne jirani wa chini alipanda, kanga kiunoni, mtoto mchanga begani. Hawakugombana sana. Kamba ikatundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, na huu ni mwaka wa pili iko palepale. Mama huyo sasa anameza vidonge vya presha vya aina mbili. Jirani alikuwa na haki yake. Kosa la mama lilikuwa moja: alidhani mazoezi ni kuruka, na kwamba asiporuka basi hakuna mazoezi.

Wengi wetu tumekulia nyumba za uani. Huko mwili ulifanya kazi bila kuambiwa: kufagia uwanja, kuteka maji, kufua umeinama, kukimbiza kuku. Nyumba za Magomeni Kota zilipozinduliwa mwaka 2022, kaya 644 zilipata makazi ya ghorofa. Bomba liko jikoni, choo kiko ndani. Ni jambo jema. Lakini uwanja wa kufagia haukupanda nao ngazi.

TABIA INAYONITIA HOFU KULIKO ZOTE

Ni kula na kukaa.

Uvivu wa kawaida haunitii hofu kama tabia hii. Mtu anarudi nyumbani saa 2 usiku. Anakula wali au ugali, sahani imejaa. Sahani inaondolewa, yeye haondoki. Anajiegemeza kwenye kochi, anawasha televisheni au anashika simu, na kutoka hapo ni kitandani. Ugali umekaa tumboni, yeye amekaa kitini, na sukari ya chakula haina wa kuitumia.

Miguu ikitembea baada ya kula, inaitumia sukari hiyo. Dakika 10 zinatosha kuleta tofauti. Huhitaji uwanja, raba za bei wala jimu.

Ukila, inuka. Umekula asubuhi, inuka. Umekula mchana kazini, inuka. Umekula usiku, hapo ndipo hasa pa kuinuka.

Hesabu yake ni rahisi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 10 baada ya kila mlo, milo mitatu kwa siku, ni dakika 30. Mara siku 5, ni 150. Umemaliza, na jirani hajasikia kitu.

Mwezi wa Ramadhani: ukishafuturu, inuka. Wanaokwenda kuswali tarawehe kwa miguu wameshapata sehemu yao. Anayebaki nyumbani na sahani ya tambi hajapata.

KELELE HUTOKA WAPI

Jirani hasumbuliwi na pumzi zako. Anasumbuliwa na kisigino. Kila mguu unapotoka sakafuni na kurudi kwa kishindo, zege linapokea na kumpelekea yeye. Kuruka ghorofani ni kutwanga kinu juu ya kitanda cha mtu.

Basi shika haya:

- Mguu mmoja ubaki sakafuni wakati wote.
- Tanguliza vidole, kisigino kifuate polepole.
- Mkeka mwembamba hauzuii kishindo, unazuia vumbi tu. Zulia nene husaidia kidogo.
- Fanya karibu na ukuta. Katikati ya chumba ndipo sakafu inapotikisika zaidi.
- Ndala zinapiga kofi sakafuni. Zivue.
- Soksi kwenye marumaru ni utelezi. Peku, au raba laini. Mwenye kisukari asitembee peku, avae raba.
- Muziki wa nini? Hesabu kwa mdomo.

Unataka kujua kama unasikika? Mtume mtoto kwa jirani, abishe hodi vizuri, asikilize dakika mbili. Akirudi na kusema hajasikia kitu, endelea.

KABLA YA KUANZA

Pima presha na sukari. Vipimo hivyo havichukui muda.

Ikiwa namba ya juu ya presha ni 180 au zaidi, au ya chini ni 110 au zaidi, usianze mazoezi. Nenda kituo cha afya leo, usingoje kesho.

MAZOEZI MANANE YASIYO NA KISHINDO

Fanya moja moja. Hesabu kwa sauti ndogo: moja, mbili, tatu. Anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi kunapandisha presha ghafla.

1. Kutembea papo hapo. Simama karibu na ukuta. Inua goti moja, lirudishe polepole, inua la pili. Mikono icheze kama ya mtu anayewahi daladala bila kukimbia. Uweze kuzungumza, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikatike. Hili ndilo la baada ya kula. Kama shibe imezidi, anza taratibu. Ukila, inuka, fanya hili.

2. Kuketi na kusimama. Egemeza kiti ukutani. Simama bila kushika kitu, kisha keti polepole ukihesabu hadi tatu. Usijitupe. Mara 10. Kiti cha plastiki chenye ufa hakifai.

3. Kusukuma ukuta. Viganja ukutani, usawa wa mabega, miguu nyuma hatua moja. Kunja viwiko hadi pua ikaribie ukuta, sukuma urudi. Mara 10 hadi 15. Ukizoea, hamia kwenye ukingo wa zege wa jikoni. Ukizoea tena, ndipo ushuke sakafuni upige pushapu.

4. Kiti cha ukutani. Egemea ukuta kwa mgongo, shuka kama unayetaka kuketi, ukae hewani. Sekunde 15. Mapaja yatawaka, ndiyo kazi yenyewe. Endelea kupumua. Magoti yakiuma, usishuke sana.

5. Kuinua visigino. Shika ukuta, panda kwa vidole, shuka ukihesabu hadi tatu. Mara 15. Wengi huachia visigino vikaanguka pu! Hapo umemwamsha mtoto wa watu.

6. Daraja. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Inua makalio hadi mapaja na tumbo viwe mstari mmoja, kisha shusha. Mara 10. Linafaa sana kwa wanaolalamikia kiuno.

7. Ubao. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na magoti, mwili unyooke. Sekunde 10, pumzika, rudia mara tatu. Tumbo lisining'inie.

8. Kuvuta chupa. Jaza maji chupa ya lita moja na nusu. Ni kilo moja na nusu. Mkono mmoja ushike kiti, inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, vuta chupa hadi mbavuni. Mara 10 kila mkono. Kaza kifuniko.

RATIBA

Kutembea papo hapo: kila siku, baada ya kula.
Namba 2 hadi 8: siku mbili au tatu kwa wiki, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Dakika 20 tu.

Wiki ya kwanza fanya nusu ya idadi. Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo si ya kawaida.

NGAZI

Ngazi ni jimu mliyokwisha kuilipia kwenye kodi: panda kwa miguu, shuka umeshika reli.

MAJI YAKIKATIKA

Dumu la lita 20 ni kilo 20. Kulipandisha ghorofa ya nne kwa mkono mmoja ni kujitafutia kiuno. Gawa kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Kuinua, kunja magoti, usiinamishe mgongo. Pumzika kila ghorofa.

USIFANYE

- Usijinyooshe wala kuning'inia kwenye reli ya roshani. Reli ile haikuwekwa kwa ajili hiyo, na chini ni mbali.
- Usifanye mazoezi chumba kimefungwa na jiko la mkaa linawaka. Moshi usioonekana wa mkaa unaua.
- Usifanye kwenye marumaru yenye maji. Futa kwanza.
- Usifunge kamba au kanga kwenye kitasa cha mlango ukavuta kwa uzito wako wote.
- Usiweke mtungi wa gesi mahali unapopitisha miguu.
- Usivae nailoni au mfuko wa plastiki tumboni ili "kuyeyusha mafuta". Unapoteza maji tu, na joto la Dar es Salaam halihitaji msaada.
- Usianze kupanda na kushuka ngazi zenye giza. Taa ikiungua, changeni mnunue.
- Usiruke. Hata mara moja. Hata mchana.
- Usile ukakaa. Narudia kwa sababu wiki ijayo nitakutana na mtu aliyeruka ukurasa wa kwanza: ukila, inuka.

DAWA

Mazoezi hayafuti dawa. Ukijisikia mzima, endelea kumeza hadi daktari aseme vingine.

ACHA MARA MOJA, TAFUTA MSAADA

Kifua kikibana au kuuma, maumivu yakipanda shingoni, tayani au mkononi. Pumzi ikikata na isirudi ukipumzika. Macho yakiingia giza.

Mdomo ukipinda upande, mkono mmoja ukilegea, maneno yakitoka mazito: hicho ni kiharusi. Usimkande mgonjwa, usimpe dawa za kunusa, usisubiri shemeji afike. Angalia saa ilianza lini, mpeleke hospitali kwa gari lolote lililo karibu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge: ukitetemeka, jasho baridi likikutoka, keti. Kunywa maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari. Usirudi kwenye mazoezi siku hiyo.

MJAMZITO

Kutembea ni ruhusa na kunafaa, isipokuwa kliniki wamekukataza. Mimba ikipita miezi mitatu, acha mazoezi ya kulala chali. Damu au maji yakitoka, nenda hospitali. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki kabla ya kufanya namba 6 na 7.

WAZEE WETU

Babu na bibi wa ghorofani ndio hukaa kuliko wote, kwa sababu ngazi zinawaogopesha. Usimzoeze mzee kuletewa kila kitu kitini. Shikamoo peke yake haimwimarishi miguu.

Afanye namba 1, 2 na 5, mkono ukutani, mtu mwingine akiwa karibu. Kisha asimame kwa mguu mmoja, ameshika kiti, sekunde 10 kila upande, siku tatu kwa wiki au zaidi. Anayeweza kusimama vizuri haanguki hovyo, na mzee akivunjika nyonga ni kazi kubwa kumrudisha kwenye miguu yake. Ondoeni mazulia madogo yanayoteleza na nyaya zinazokatiza njia.

Baada ya chakula, mjukuu amshike bibi mkono wazunguke sebuleni. Bibi naye akila, ainuke.

WATOTO

Mtoto lazima aruke. Mpeleke chini akaruke huko.

JIRANI

Nenda kamwone kabla hajaja yeye. Mwambie: "Jirani, nimeanza mazoezi kidogo, saa 12 asubuhi na baada ya chakula cha usiku. Ukisikia kitu niambie." Maneno hayo ni rahisi kuliko ugomvi kwenye kikao cha wapangaji. Baada ya saa 4 usiku, tembea tu. Mengine yangoje kesho. Na ukiwa wewe ndiye wa chini, kumbuka huenda kuna mtu wa chini yako pia.

Jengo moja nililotembelea, majirani wa ghorofa mbili walianza kutembea pamoja kwenye korido saa 3 usiku, wakiwa na kandambili mkononi. Hawakuunda kikundi wala kuandika katiba. Wanamaliza kula, mmoja anabisha hodi, wanatoka.

UKURASA WA KUBANDIKA

Kata ukurasa huu, ubandike karibu na meza ya chakula au kwenye mlango wa friji, pale ambapo kila mtu wa nyumba ataupita akiwa ameshiba.

Mguu mmoja sakafuni wakati wote.
Vidole kwanza, kisigino baadaye.
Hesabu, usibane pumzi.
Dakika 10 baada ya kila mlo.

Ukila, inuka.