Kutafuta Nasaba Pale Vyeti Visipokuwepo

Familia nyingi za Kinondoni na Temeke hazina cheti cha kuzaliwa cha babu, na baadhi hazina hata cha baba. Chanzo si uzembe. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, na kwa muda mrefu iliwabana Wazungu na Waasia tu. Kwa Waafrika ulazima ulienea baadaye, wilaya baada ya wilaya. Aliyezaliwa Kisarawe au Rufiji miaka ya 1930 mikononi mwa mkunga wa kijijini hakuwa na daftari la kumngoja. Hata karatasi chache zilizopatikana baadaye zilipotelea njiani: Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu kwa haraka, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia ndani ya nyumba za Bonde la Msimbazi, ambako baadhi ya wakazi walihamishiwa Mabwepande.

Kwa hiyo dirisha la RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, si mahali pa kuanzia. Karatasi zenye faida kwa mtafutaji ni zile zilizoandikwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa: mali, msiba, mshahara, kodi.

Kabla ya karatasi kuna wazee, na wazee huulizwa kwa utaratibu. Swali la "babu alizaliwa mwaka gani" huzaa jibu la kubahatisha, kwa sababu mzee hataki kumwangusha mjukuu. Afadhali kuuliza kwa matukio: alikuwa ameshaoa wakati wa Uhuru? Kwa waliotoka kusini, na Temeke ni wengi, kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952 ni alama nzuri. Kwa wadogo zao kuna Azimio la Arusha la 1967 na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Udugu nao huhitaji kubanwa. Baba mkubwa, baba mdogo na baba mzazi wote huitwa baba, na babu anayesifiwa huenda ni kaka wa babu. "Mlizaliwa tumbo moja?" ndilo swali linalomaliza utata. Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa sehemu hizi, wana njia mbili za kufuata: ukoo huhesabiwa kwa mama, ilhali jina la mtala hutoka kwa baba. Anayefuata upande mmoja tu hupoteza nusu ya watu wake. Mashangazi waulizwe peke yao, si sebuleni mbele ya kaka zao.

Chanzo kinachopita vyote kwa utajiri ni jalada la mirathi. Mtu akifa ameacha kibanda Tandika au kiwanja Bunju, ndugu hukaa kikao, huteua msimamizi, na muhtasari wa kikao cha ukoo hupelekwa mahakama ya mwanzo. Muhtasari huo huorodhesha waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, saini zao au alama za dole gumba. Fomu ya maombi huongeza tarehe na mahali pa kifo, makazi ya mwisho, wajane na watoto, wakiwemo wa nje ambao nyumbani hawatajwi. Mirathi yenye ugomvi ni neema zaidi, maana kila shahidi hulazimika kueleza chini ya kiapo anavyohusiana na marehemu. Familia iliyogawana kwa amani huacha kurasa chache. Maombi ya kuona jalada huandikwa kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyosikiliza shauri, na namba ya shauri hurahisisha mambo sana. Tangu 2021 mashauri ya mirathi na ndoa jijini Dar es Salaam yana Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichopo Temeke. Mipaka nayo ikumbukwe: Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke, na Ubungo sehemu ya Kinondoni, hadi katikati ya miaka ya 2010.

Msiba wenyewe huacha maandishi. Daftari la rambirambi, lenye majina na kiasi alichotoa kila mmoja, mara nyingi hubaki kabatini kwa mjane, na huonyesha ndugu wa Mkuranga au Kilwa waliokuja mazikoni na hawakuonekana tena. Vyama vya kufa na kuzikana huwa na orodha za wanachama na wategemezi wao.

Kwa Wakristo kuna vitabu vya ubatizo, navyo hutaja wazazi na wadhamini. Wakatoliki walikuwa Bagamoyo tangu 1868. Misheni ya Pugu, iliyoanzishwa 1888, iliteketezwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kwa hiyo huko mfululizo umekatika. Kwa Waislamu, vyeti vya ndoa, hasa baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na kumbukumbu za shehe aliyefungisha. Kwa wafanyakazi, kadi za iliyokuwa NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na mafaili ya waliokuwa waajiriwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977: madai yao ya mafao yalidumu miaka mingi, na warithi walitakiwa kujithibitisha.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, inatunza majalada ya Wajerumani na Waingereza. Mkulima wa kawaida haonekani humo kirahisi. Majumbe, maakida, makarani na askari huonekana. Majina yatafutwe kwa tahajia za Kijerumani: Shabani huenda ni Schabani, na Juma ni Djuma. Aliyebebeshwa mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia huenda hayumo popote. Ripoti ya 2021 ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita, yakiwemo yale ya Barabara ya Bagamoyo, ilikiri kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina, kwa hiyo kukosekana kwa jina hakukanushi habari ya familia.

Kuhusu vinasaba, sheria ya 2009 inataka maombi yapitie mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Si njia ya kukidhi udadisi.

Ugumu mkubwa huja habari zinapogongana. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, na wajukuu wa waliokuwa watumwa walikuwa na kila sababu ya kujiita Washirazi au kuchukua ukoo wa bwana. Maelezo ya aina hiyo yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na jina la msemaji na tarehe, bila kusahihishwa. Karatasi ya mirathi na kauli ya shangazi zikipingana, zote mbili ziwekwe. Kisha nakala wapewe ndugu wasiopungua wawili wanaokaa nyumba tofauti, mmoja wao mahali pasipofikiwa na maji.