Kabla Hujanunua Simu ya Bei Nafuu: Kaa Chini, Upige Hesabu



Mwanakwaya mwenzetu mmoja alikuja mazoezini na simu ya bei mbaya, kaichukua kwa mkopo. Haikupita muda hela ya rejesho ikakosekana, simu ikafungwa. Nota zote zikabaki humo ndani, Jumamosi akaimba kwa kubahatisha. Iliniuma, maana aliyekuwa anamcheka kwa kitochi chake nilikuwa mimi.

Basi leo tujifunze kupima simu ya bei nafuu, bila kuidharau na bila kudanganyika na tangazo. Mfano wetu ni Samsung Galaxy A05, iliyotoka mwishoni mwa 2023. Njia ni hiyohiyo kwa simu nyingine yoyote.

Kwanza, chukua karatasi uandike kazi tatu ambazo simu itakufanyia kila siku. Tatu tu. Hiyo ndiyo mizani yako.

1. Nguvu zake

Betri ni ya 5,000 mAh, kwa matumizi ya kawaida unamaliza nayo siku. Inapokea chaji ya wati 25, lakini dukani uliza kama ndani ya boksi kuna kichwa cha chaja.

Kioo ni inchi 6.7, kipana vya kutosha kusomea PDF za masomo au nota. Nafasi ni GB 64 au 128, na unaweza kuongeza memori kadi. Tundu la earphone za waya lipo pia.

Kubwa zaidi: Samsung waliahidi matoleo mawili mapya ya Android na miaka minne ya masasisho ya usalama. Kama unatunza hela kwenye simu, hilo si jambo dogo. Ila angalia, miaka hiyo inahesabiwa tangu simu ilipotoka, si tangu siku uliyonunua wewe.

2. Udhaifu wake

RAM ya chini ni GB 4 na prosesa yake ni Helio G85 ya mwaka 2020. WhatsApp na kusoma, sawa. Ukifungua programu nyingi pamoja au gemu nzito, itasuasua. Pia inaishia 4G, haina 5G.

Kioo ni kipana lakini nukta zake ni 720 kwa 1600 tu, hivyo herufi ndogo sana hazitokei kali.

Kamera inatangazwa kwa MP 50. Hapo ndipo wengi tunaponasa! Wingi wa MP peke yake hauleti picha nzuri. Mwanga na ukubwa wa sensa vina uzito zaidi. Kamera ya pili ni MP 2, kazi yake ni kusaidia kufifisha mandhari ya nyuma.

Haina sehemu ya alama ya kidole, kwa hiyo weka PIN ya maana, si 1234. Na haina kinga rasmi ya maji, masika uwe makini.

3. Sasa tupime

Udhaifu usiogusa kazi zako tatu usikunyime usingizi. Mwanafunzi anayesoma, anayepokea hela na kuongea na nyumbani, simu hii inamtosha. Anayepiga picha za harusi kwa malipo haitamfaa. Bora aendelee kuweka akiba.

Na mkopo je? Tuseme kianzio ni shilingi 100,000, halafu 2,000 kila siku kwa siku 365. Hiyo 2,000 inaonekana ya soda tu, lakini jumla ni 830,000. Linganisha na bei ya taslimu kabla hujaweka sahihi, na uulize: nikikosa wiki moja, nini kinatokea?

Katika Luka 14 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, anayekaa kwanza kupiga gharama. Simu nayo ni mnara wetu mdogo.

Maswali ya kujitafakari

- Kazi zangu tatu ni zipi?
- Nataka simu hii kwa sababu ya kazi, au kwa sababu kuna mtu alinicheka?
- Je, mimi nimemcheka nani?

Yule mwenzetu amerudia kitochi chake. Nimemwomba radhi, na nota zake sasa namchapishia mimi.